Tupime Umbali: Kifo cha Kijana na Wajibu wa Jirani



Kifo cha mzee aliyeshiba siku huleta majonzi, lakini hakileti mabishano. Watu hulia, huzika, hukaa matanga, kisha hurudi makwao wakiwa na amani. Kifo cha kijana aliyelala asiamke, mdomoni ana harufu ya pombe na kando yake kipande cha karatasi kilichofungiwa unga, ni jambo jingine. Hapo watu hulia kwa sauti ya chini. Wanaokuja kutoa pole huuliza nusu ya swali, na wafiwa hujibu nusu ya jibu: alianguka tu, ni presha, aliumwa ghafla. Kila mmoja anajua, wala hakuna asemaye.

Maandishi haya yanakusudia kulisema jambo hilo, si kwa kumwaibisha marehemu wala kuwaongezea wafiwa uchungu, bali kwa sababu wapo vijana wengine ambao bado wako hai, na ukimya wetu hauwasaidii.

Kijana tunayemfikiria

Hatutamtaja jina wala mtaa, kwa kuwa mama yake yu kati yetu. Alikuwa na miaka 26. Alibatizwa, akapata Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, na utotoni alikuwa mtumishi wa altareni. Alianza na bangi na pombe ya bei rahisi, akafika kwenye heroini. Familia ikauza kiwanja ili kumpeleka katika nyumba ya kuachia dawa, akakaa huko miezi minne. Aliporudi alikuwa amenawiri, akaanza kumsaidia fundi wa pikipiki.

Jumamosi moja alikwenda harusini akanywa pamoja na wenzake. Usiku wa manane wakapitia maskani ya zamani, naye akatumia kipimo kile alichokuwa amekizoea zamani. Akalala, akakoroma kwa nguvu. Wenzake wakasema, "Mwacheni, pombe itamtoka." Karibu na alfajiri mkoromo ukakoma. Mmoja akataka apelekwe hospitali, mwingine akasema, "Tutaulizwa na polisi." Basi wakambeba hadi barazani kwao, wakagonga mlango, wakakimbia.

Katika mfuko wa suruali yake ilikutwa orodha ya vipuri vya kununua Jumatatu. Mtu anayetaka kufa haandiki orodha ya Jumatatu. Kifo hiki kilikuwa ajali. Lakini ajali nayo ina njia iliyopitia, na ni wajibu wetu kuifuata njia hiyo hadi mwanzo wake.

Majibu matatu yanayotupumzisha

Katika msiba wa namna hii husikika majibu matatu.

La kwanza husema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni neno la imani, nalo humtegemeza aliyefiwa. Lakini likitumiwa kuzima maswali, humfanya Mungu awe mwuza unga. Mwenyezi Mungu hakuipika heroini, hakuisafirisha, wala hakuipima katika kete. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu aliitaja ajali ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Alikataa katakata kusema kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine wakaao Yerusalemu. Wala hakuwaacha wasikilizaji wake waende zao hivihivi. Aliligeuza swali likawaelekea wao wenyewe, akawaita watubu.

Jibu la pili husema kwamba kuna mkono wa mtu. Haujapita mwezi, shangazi hasalimiwi, jirani anatazamwa kwa jicho la pembeni, na fedha za arobaini zimekwenda kwa mganga. Nchi yetu inajua vizuri matunda ya shutuma hizo, kwa maana vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Jibu hili linaongeza msiba wa pili juu ya ule wa kwanza, na mwuza unga anaendelea na biashara yake bila kusumbuliwa.

Jibu la tatu husema kwamba amejitakia. Wengine huongeza methali kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kuisema mbele ya mama huyohuyo aliyeuza kiwanja. Ni kweli kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha kuwa kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, kwa kuwa zinaharibu vibaya afya na uhai wa binadamu. Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 1735, inafundisha kwamba lawama ya mtu kwa tendo lake yaweza kupungua, au hata kuondoka, kwa sababu ya ujinga, woga, mazoea na mambo mengine yanayofunga hiari yake. Aliyeshikwa na uraibu anajua vema mazoea ni nini. Mwili wake unadai, na usipopewa unamtesa kwa arosto. Hiari yake haijafa, ila imejeruhiwa.

Majibu haya matatu yanafanana katika jambo moja: anayeyatoa huinuka mkekani akiwa hadaiwi kitu. Katika jibu la kwanza anayehusika ni Mungu, katika la pili ni mchawi, katika la tatu ni marehemu. Sisi tuliobaki tunakwenda nyumbani.

Kilichotokea mwilini

Kabla ya kuzungumza juu ya dhamiri yatupasa kuelewa mwili, kwa sababu hapo ndipo uhai ungaliweza kuokolewa. Ubongo una sehemu inayouamrisha mwili uvute pumzi hata tukiwa usingizini. Heroini huidhoofisha sehemu hiyo. Pombe nayo hufanya hivyohivyo, na vidonge vya usingizi pia. Vikikutana katika mwili mmoja, pumzi huenda ikipungua hadi ikakoma. Kiasi cha pombe ambacho peke yake kingemlewesha mtu tu, na kiasi cha unga ambacho peke yake kingemsinzisha tu, vikichanganywa vyaweza kumwua.

Lipo jambo la pili. Mwili wa atumiaye kila siku huizoea dawa. Akikaa majuma kadhaa bila kuitumia, mazoea hayo hupotea. Basi akirudia kipimo chake cha zamani, mwili unakipokea kama wa mtu ambaye hajatumia kamwe. Ndiyo maana siku za kwanza baada ya kutoka gerezani, au katika nyumba ya kuachia dawa, ni siku za hatari kubwa. Kijana wetu hakufa kwa sababu alikuwa teja sugu. Alikufa kwa sababu alikuwa amejitahidi kuacha, akaanguka mara moja, na hakuwapo mtu wa kumwinua.

Kila mzazi na kila kiongozi wa vijana ajue dalili. Mkoromo mzito wa kukwaruza, kwa mtu asiyeamka akiitwa wala akifinywa, si usingizi mnono; ni koo linaloziba. Pumzi zikiwa chache, midomo na kucha zikigeuka rangi ya kijivu au buluu, dakika zinahesabika. Mtu huyo alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimkabe. Asinyweshwe maziwa wala kitu chochote, kwa maana asiyejitambua hawezi kumeza. Asiachwe peke yake. Kama hapumui, mwenye ujuzi ampulizie pumzi, na apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe kweli yote juu ya alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni, ambayo yaweza kurudisha pumzi ya aliyezidiwa na heroini ikiwa itawahi. Lakini hakuna dawa inayomwahi mtu aliyefichwa.

Je, azikwe Kikristo?

Swali hili huulizwa kila mara, na mara nyingine huulizwa kwa ukali: hakuwa akisali Jumuiya, kadi yake ya michango haina kitu, amekufa akiwa amelewa, kwa nini Padre aje?

Tutazame sheria yenyewe. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 uliwanyima maziko ya Kikanisa hata wale waliojiua kwa makusudi. Mkusanyo wa mwaka 1983, unaotuongoza sasa, hauwataji tena. Kanuni ya 1184 inawanyima maziko wale walioiasi imani hadharani, wale waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangeleta kashfa kwa waamini, iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Palipo na mashaka, aulizwe askofu mahalia. Basi tujiulize: kijana aliyeiacha nyumba yao miezi minne ili kupigana na ugonjwa wake, je, hakuonyesha dalili ya toba? Hakuna haja ya mabishano. Kadi ya michango haimo katika kanuni hiyo.

Mwaka 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilichagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Familia haimpimi mtoto wake kwa stakabadhi siku ya kumzika. Tena, mahubiri ya msiba huo yasiwe ya kumhukumu aliyelala jenezani, maana hawezi kujibu; wala yasimtangaze kuwa mtakatifu kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikiwa wafiwa wanakubali, kweli isemwe kwa heshima, kwa neno moja la wazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika jambo hili wanaoumbuliwa ni wadogo zake marehemu, wanaoachwa bila kuonywa.

Kanuni ya mji ulio karibu

Katika Kumbukumbu la Torati, mwanzo wa sura ya 21, imo amri ambayo husomwa kwa nadra katika makanisa yetu. Ikionekana maiti kondeni, na aliyeua hajulikani, wazee na waamuzi walipaswa kutoka na kupima umbali kutoka kwenye maiti hadi kila mji uliozunguka. Wazee wa mji ulioonekana kuwa karibu zaidi ndio waliotakiwa kushuka bondeni penye maji yatiririkayo, kutoa mtamba asiyefungwa nira bado, kunawa mikono, na kutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona.

Tutafakari jambo hilo. Wazee wale hawakuua, na hakuna aliyewashtaki. Ukaribu peke yake uliwapa wajibu. Mungu hakuridhika na neno kwamba mwuaji hajulikani; aliagiza kamba ya kupimia ishikwe, na mji fulani, wenye jina, usimame mbele yake.

Kijana wetu hakuuawa kwa upanga, wala hatumtafuti mwuaji. Lakini kamba ile bado yatufaa. Tupime.

Kwanza, tupime kutoka maskani hadi hospitali. Ni mwendo wa dakika chache kwa pikipiki, lakini hofu iliurefusha ukawa mrefu kuliko safari ya usiku kucha. Wenzake hawakumchukia, walimbeba hadi kwao. Waliogopa kuulizwa, kuwekwa ndani, na kubambikiwa kesi. Panapokuwa na hofu ya namna hiyo, watu watafia vichochoroni. Yatupasa kuwaomba viongozi wa serikali za mitaa na wakuu wa vituo vya polisi wakubaliane nasi jambo moja: amletaye mgonjwa hospitali asishikwe kwa kumleta. Uhai kwanza, maswali baadaye.

Pili, tupime kutoka barazani kwao hadi kwa mwuza kete. Mara nyingi si mbali, na nyumba yenyewe hujulikana. Lakini kamba isiishie hapo. Unga huo haulimwi kwetu. Kwa miaka mingi heroini ya Afghanistan imevushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini. Mzigo kama huo hauletwi na vijana wa maskani. Una wenye mitaji, maghala na magari. Haki inadai kwamba mkono wa sheria ya mwaka 2015 umfikie mwenye jahazi kwa nguvu ileile inayomfikia mwenye kete. Na Kanisa lina wajibu wake hapo: mchango wa mtu ambaye mali yake inajulikana kutokana na unga usipokelewe katika harambee zetu, hata kama paa linavuja. Tukiupokea, tutakuwa tumeezeka kanisa kwa pumzi za watoto wetu.

Tatu, tupime hadi kwenye pombe, ambayo ni nusu ya kifo hiki inayosahaulika. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya vifuko, maarufu kama viroba, ambayo mwanafunzi aliweza kuificha katika soksi. Lilikuwa jambo jema, nalo lilionyesha kwamba sheria yaweza kusaidia. Lakini hakuna Waziri awezaye kupiga marufuku desturi zetu wenyewe. Sherehe ya Kipaimara ambamo makreti ya bia ni mengi kuliko viti, na wenye Kipaimara wana miaka 13, inafundisha somo kuliko katekesi ya miaka miwili. Kanisa halikatazi divai wala bia. Lakini Katekisimu, namba 2290, inatutaka tuwe na kiasi, nacho hufundishwa kwa mfano.

Nne, tupime kutoka kiti cha Jumuiya hadi barazani pale. Aliporudi kutoka katika nyumba ya kuachia dawa, ni nani alikwenda kumpokea? Wanajumuiya humtembelea mama aliyejifungua na mzee aliyelazwa. Kijana aliyetoka kwenye uraibu hupokewa kwa simu kufichwa na milango kufungwa. Anayemfungulia mlango bila kumwogopa ni yule wa maskani. Basi tusistaajabu kwamba alirudi huko. Wazee wa Torati walitamka kwamba macho yao hayakuona. Ni nani kati ya jirani zake angethubutu kutamka hivyo?

Yanayowezekana

Hatuwaalikeni kujilaumu hadi kukata tamaa. Mtamba wa Torati hakutolewa ili wazee waishi na fedheha, bali ili nchi ipate kusafishwa na watu waendelee kuishi. Yapo yanayowezekana, na mengine hayadai fedha.

Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inatoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku chini ya uangalizi, inayomwezesha mraibu wa heroini kuishi na kufanya kazi bila arosto. Huduma hiyo ilifuata Mwananyamala na Temeke, kisha ikafika mikoa mingine, na hutolewa bure. Wapo wazazi wanaouza mali kwa waganga kwa sababu hawajawahi kuisikia. Tangazo moja baada ya Misa, likirudiwa kila mwezi, laweza kuokoa mtu.

Kila Jumuiya imteue mama mmoja na baba mmoja wa kumpokea kijana arudiye kutoka gerezani au katika tiba, na kukaa karibu naye majuma yale ya kwanza ya hatari. Si kumpeleleza, ni kula naye, kumtafutia kazi, na kumwambia wazi kwamba akianguka ana mlango wa kugonga usiku. Vijana wa parokia wafundishwe na mganga wa zahanati namna ya kumlaza na kumwokoa aliyezidiwa. Na neno "teja" litoke vinywani mwetu, kwa maana lina kazi moja tu: kumwondolea mtu jina alilopewa siku ya Ubatizo.

Na mama wa marehemu asiachwe. Matanga yakiisha, ndipo upweke wake unapoanza. Atarudia kila usiku kugongwa kule kwa mlango, na kujiuliza kama angeamka mapema zaidi. Aambiwe kwamba alifungua. Katika habari hii nzima, yeye ndiye mlango uliofunguka.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika msiba wa mwisho wa namna hii tulioufahamu, tulitoa jibu gani kati ya yale matatu, nalo lilimsaidia nani?

2. Kijana mwenye uraibu akizidiwa usiku huu katika mtaa wetu, wenzake wanaweza kugonga mlango wa nani bila hofu? Kama hatuna jina la kutaja, tulipate kabla hatujaachana leo.

3. Ni nani wa Jumuiya yetu atakayekwenda kuuliza hospitali iliyo karibu kuhusu tiba ya methadoni, na lini atatuletea jibu?

4. Kutoka mahali tunapokaa sasa hadi nyumbani kwa mama aliyefiwa ni hatua ngapi? Tukimaliza sala, twende tukazihesabu.